Mistari Miwili na Muhuri

Zamu ya usiku, Tsuruoka. Theluji imefika madirishani.
Nina kalamu nyeusi, nina daftari la kumbukumbu za wazee,
na lugha ambayo hadi leo inanivua viatu mlangoni.

Kwetu Iloilo kitenzi hutangulia:
amekula, tunasema, kisha ndipo tunamtaja nani.
Huku kitenzi ndicho hufunga mlango.
Unataja mtu, saa, uji, kijiko,
unavibeba vyote kama sinia,
na bado hujui vimeliwa au vimekataliwa,
maana hata kanusho lao hukaa mkiani.
Nimejifunza kutotikisa kichwa mapema.

Vineno vidogo ndivyo vinavyonitoa jasho.
Hiki nakiandika *ha*, nakisoma *wa*.
Kile kingine, *ga*, nilimwuliza Bwana Onodera, msimamizi wetu,
kinatofautianaje na mwenzake.
Akavuta hewa kwa meno, akatazama dari,
akasema, "Ukizaliwa nacho, hukioni,"
akaenda kuwasha mashine ya kufulia.

Aliyenifundisha ni Bi Kuriyama, chumba cha saba,
mwalimu wa darasa la pili miaka thelathini na minane.
Jina langu humponyoka kila asubuhi.
Mpangilio wa mistari haumponyoki.
Juu kabla ya chini. Kushoto kabla ya kulia.
Ukiwa na herufi yenye kuta nne,
waingize watu kwanza, ndipo ufunge nyumba.
Nikikosea, penseli nyekundu hunigonga kidole.
Alinipa daftari la miraba:
kila herufi chumba chake, nene na nyembamba kodi moja,
na nukta, punje ile, inalipiwa chumba kizima.
Ila nukta hairuhusiwi kuanza safu mpya;
ikikosa nafasi hujibana na herufi ya mwisho,
wawili kitanda kimoja, na hakuna anayeuliza.

Sentensi zake mwenyewe hazifiki tena.
"Mume wangu, stesheni, kwa treni ya saa mbili..."
na hapo hunyamaza,
nami nimeshika taulo, nasubiri kitenzi.
Alikuja? Aliondoka? Hakuja?

Usiku wa Jumanne alikaa ukingoni mwa kitanda,
koti juu ya nguo za kulalia, macho mlangoni.
Nikaandika: saa nane na dakika kumi,
Bi Kuriyama anamngoja mumewe.
Au nilidhani nimeandika hivyo.
Maana kungoja na kushika, kwa herufi zao,
wamenyonya ziwa moja:
kulia kwao hekalu lile lile;
kushoto ukiweka hatua za njiani, unangoja,
ukiweka mkono, umeshika.
Mimi, kwa usingizi, niliweka mkono.

Asubuhi Onodera akasoma mbele ya wote:
"Bi Kuriyama amemshika mumewe."
Marehemu huyo, mwaka wa kumi na moja sasa.
Mmoja akacheka, akaziba mdomo.
Masikio yangu yakapata moto kuliko jiko la mafuta.

Huku kosa la daftarini halifutwi, halipakwi nyeupe.
Unalipiga mistari miwili,
unagonga muhuri wako mdogo pembeni,
unaandika lililo sawa juu yake,
na lile la kwanza linabaki chini, linasomeka kabisa.
Nikapiga mistari. Nikagonga muhuri.

Jioni nikakaa naye na daftari la miraba,
nikaandika kungoja, kungoja, kungoja,
ukurasa mzima wa hatua za njiani,
kila moja chumbani mwake.
Akaupitia safu kwa safu, kutoka kulia,
penseli ikielea, haigusi karatasi.
Kisha akanitazama kama mtoto aliyesahau kitabu nyumbani,
akaitamka sentensi yote hadi mwisho, kitenzi mahali pake:

"Na mkono wako, umeenda wapi?"